Jinsi ya kulikagua dai la fyusheni baridi ukiwa mkemia

Kila baada ya muda mtu anakutumia video, kuna chupa ina maji na waya mbili, mapovu yanatoka, na msimulizi anasema nishati inayotoka hapa ni kubwa kuliko inayoingia manake viini vya atomi vinaungana kwenye joto la kawaida la chumba, ndo hiyo inaitwa fyusheni baridi. Halafu unaulizwa, wewe si umesoma kemia, hii ni kweli? Wengi wanajibu haraka kwamba hayo ni mambo ya fizikia, muulize mwanafizikia. Mimi nasema hapana, hili dai ni la kwetu. Limeanzishwa na wakemia wawili, kipimo chake kikuu ni cha kikemia, na makosa mengi yaliyolizamisha yalionwa na wakemia. Kwa hiyo naandika hapa namna ya kulikagua, kwa yeyote anayejua moli ni nini, volti ni nini na ampia ni nini, hizo tatu zinatosha kuanzia.

Kwanza mjue mwenye dai

Hii sio kwa ajili ya kumwamini wala kumdharau, ni kwa ajili ya kujua anaweza kukosea wapi. Martin Fleischmann hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa 1927 Czechoslovakia, familia yake ikakimbilia Uingereza kuwakwepa Wanazi, akasoma Imperial College London, baadae akawa profesa wa elektrokemia, yaani kemia ya umeme, chuo kikuu cha Southampton. Mwaka 1974 yeye na wenzake pale Southampton walipima molekuli za piridini zilizoganda juu ya elektrodi ya fedha wakapata ishara ya Raman, yaani mwanga unaotawanywa na molekuli, yenye nguvu isiyo ya kawaida, na leo hilo ni tawi zima la vipimo vinavyotumika dunia nzima. Mwenzake Stanley Pons alichukua PhD hukohuko Southampton mwaka 1978, na kufikia 1989 alikuwa mkuu wa idara ya kemia chuo kikuu cha Utah, Marekani. Walisema wenyewe kwamba walishatumia kama dola 100,000 za mifukoni mwao kwenye jaribio hili kabla dunia haijasikia.

Unaona kitu hapo? Ustadi wao ulikuwa kwenye elektrodi na joto. Hawakuwa watu wa kupima neutroni, chembe zinazotoka kwenye viini vya atomi. Shika hiyo, tutairudia, manake mtu hodari kwenye fani moja akivuka kuingia ya jirani ndo mahali pa kumulika tochi kuliko pote.

Halafu chora seli

Chukua karatasi, chora, usiseme nimeshaelewa. Katikati kuna kijiti cha metali ya paladi, hiyo ndo kathodi, upande hasi. Kukizunguka kuna waya wa platini, hiyo ndo anodi, upande chanya. Vyote vimezama kwenye maji mazito, yaani maji ambayo badala ya hidrojeni ya kawaida yana deuteri, hidrojeni nzito, na ndani yake imeyeyushwa LiOD (hidroksidi ya lithi yenye deuteri) ya moli 0.1 kwa lita ili umeme upite. Chombo chenyewe ni kioo cha kuta mbili chenye ombwe katikati, kama chupa ya chai, na chote kimekaa kwenye beseni kubwa la maji lenye joto lisilobadilika. Umeme ukipita deuteri inatoka kwenye kathodi, nyingine inapaa kama gesi na nyingine inaingia ndani ya paladi. Oksijeni inatoka kwenye anodi.

Kwanini paladi? Kwa sababu inakunywa hidrojeni kama sponji. Thomas Graham aliliona hili karne ya 19, paladi inameza gesi ya hidrojeni ujazo wa mara mamia ya ujazo wake yenyewe. Na wazo la kwamba humo ndani hidrojeni inaweza kujiunga ikawa heli si la 1989, ni la zamani zaidi, nitakuja kwenye hilo maana ni kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye habari hii.

Tarehe 23 Machi 1989 pale Salt Lake City wakatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba seli hii inatoa joto la ziada ambalo kemia haiwezi kulieleza, kwa hiyo ni fyusheni. Hapo kwenye "kwa hiyo" ndo pana shimo refu. Lakini tusilikimbilie, kwanza tuulize kama joto lenyewe lipo.

Fungua daftari la mahesabu ya joto

Hapa ndo kiini cha kazi na hapa ndo ukae muda mrefu kuliko kwingine kote. Mkemia kwenye jambo hili ni mhasibu, anaandika kilichoingia na kilichotoka, na tofauti ikibaki anatafuta ilikotoka kabla hajaiita faida.

Chukua mfano huu nimeutengeneza mimi ili namba zionekane. Seli inapitisha ampia 0.8 kwa volti 5. Zidisha, unapata wati 4 zinaingia. Je wati 4 zote zinakuwa joto ndani ya seli? Hapana. Sehemu imetumika kuyapasua maji mazito kuwa deuteri na oksijeni, na kama gesi hizo zinatoka nje kwenye bomba basi zimeondoka na nishati hiyo. Kwa maji mazito kiasi hicho kinalingana na volti 1.54 hivi, kwa maji ya kawaida ni 1.48. Zidisha 1.54 kwa 0.8 unapata wati 1.23. Kwa hiyo joto unalotegemea kuliona ndani ya seli ni 4 kutoa 1.23, yaani wati 2.77.

Sasa umepima ukakuta wati 4. Umepata ziada ya asilimia 44! Ungekuwa unatafuta muujiza umeupata. Lakini tulia. Vipi kama gesi hazikutoka nje? Vipi kama deuteri na oksijeni zimekutana humohumo ndani, na kumbuka paladi na platini ni vichochezi wazuri sana vya kuziunganisha, zikarudi kuwa maji mazito na zile wati 1.23 zikarudi kama joto? Basi ziada yako yote imeelezeka, hamna kiini cha atomi kilichoguswa. Hili linaitwa muungano wa gesi ndani ya seli na ndo swali la kwanza kabisa la kumuuliza mtu yeyote anayekuonyesha seli ya wazi: je ulizipima gesi zilizotoka, au ulidhani tu zimetoka zote?

Namna ya kulikagua ni rahisi na ndo inanifanya niipende kemia. Sheria ya Faraday, inayounganisha kiasi cha umeme na kiasi cha kemikali, inakuambia ni maji kiasi gani lazima yapotee. Ampia 0.8 kwa saa 24 ni kuloni 69,120. Gawanya kwa mara mbili ya 96,485 (kuloni za moli moja ya elektroni, na kila molekuli ya maji inataka elektroni mbili), unapata moli 0.358 za maji mazito, ambayo ni gramu 7.2 hivi, au mililita 6.5. Maana yake kila siku kama gesi zote zinatoka nje lazima uongeze mililita 6.5 ili usawa wa maji urudi kwenye alama. Ukiona daftari la mtu linasema aliongeza mililita 5 tu, basi mililita 1.5 zilirudi kuwa maji ndani ya seli, na hiyo ni karibu wati 0.28 za joto la bure ambalo sio la bure. Ila angalia pia upande wa pili, mvuke na matone madogo yanayobebwa na mapovu yanatoa maji nje bila kupasuliwa, kwa hiyo mtu anaweza kuongeza mililita 6.5 kamili na bado muungano ukawa umetokea, moja limefunika lingine. Dawa yake ni kupima ujazo wa gesi yenyewe inayotoka, au bora zaidi kuifunga seli kabisa na kuweka kichochezi juu kabisa ili gesi zote ziungane makusudi. Hapo huna cha kutoa, wati zinazoingia ndo zinazotegemewa kutoka, ubishi wa 1.54 unaisha. Mtu mwenye seli iliyofungwa anayesema ana ziada namsikiliza kwa makini zaidi kuliko mwenye seli ya wazi.

Kwenye hesabu hizi pia soma asilimia kwa jicho kali. Kwenye andiko lao la kwanza lililotoka Aprili 1989 kwenye jarida la elektrokemia kuna jedwali lenye asilimia kubwa kubwa, na baadhi ya hizo hazikutoka kwenye seli iliyokuwa mezani, zilihesabiwa kwa kudhani seli nyingine inayokwenda kwa volti 0.5 tu. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilirudia mstari ule mara tatu. Namba iliyopimwa na namba iliyodhaniwa zisikae safu moja bila kutengwa wazi, haijalishi anayeandika ana jina gani.

Kipimajoto kimekaa wapi?

Wati hazipimwi moja kwa moja, unapima joto la maji halafu unatafsiri kuwa wati kwa kutumia namba ya usawazisho, yaani namba uliyoipata kwa kukipima kifaa kwanza kwa wati unazozijua. Kwa hiyo mambo mawili yanaweza kukudanganya, joto lenyewe na tafsiri yake.

Joto lenyewe: kama maji hayachanganyiki sawasawa basi kipimajoto kinasoma mahali kilipo tu. Nathan Lewis wa chuo cha Caltech, Marekani, naye ni mkemia, alijenga seli za aina hii na timu yake wakaonyesha kwamba bila kukoroga usomaji unabadilika kutegemea umeweka kipimajoto wapi. Aliyasema hayo tarehe 1 Mei 1989 Baltimore kwenye mkutano wa wanafizikia wa Marekani, na kwa maoni yangu ule mchango wake wa kikemia ulikuwa na uzito kuliko maneno makali yaliyosemwa na wengine siku ileile. Fleischmann na Pons walijibu, wakaonyesha video ya rangi iliyodondoshwa kwenye seli ikasambaa haraka kwa nguvu ya mapovu. Ni jibu la maana lile, nalitaja kwa haki, lakini hata hivo dawa ya kweli ni rahisi kuliko ubishi: weka vipimajoto zaidi ya kimoja, juu, chini, karibu na kathodi, mbali na kathodi, na uandike vyote. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilipima joto la kuyeyusha chumvi huku kipimajoto kimeegemea ukuta wa kopo, nikapata namba safi sana inayojirudia kila mara, na ilikuwa si sahihi kila mara. Namba kujirudia hakuthibitishi kwamba ni kweli, kama kosa nalo linajirudia.

Tafsiri yake: seli ya wazi inapoteza maji kila saa, usawa unashuka, eneo la kioo lenye maji linapungua, basi na njia ya joto kutoka nje inabadilika. Usawazisho wa asubuhi sio wa jioni. Hawa jamaa wenyewe waliliona, kwenye seli zao za baadae wakapaka fedha sehemu ya juu ya kioo ili kushuka kwa maji kusibadilishe sana. Na usawa unavoshuka elektroliti, yaani maji yenye LiOD, inakolea zaidi, volti inabadilika, na wati zinazoingia nazo zinabadilika. Kwa hiyo muulize mtu: volti uliiandika kila baada ya muda gani? Akisema mara moja kwa siku, funga daftari.

Namna nzuri ya kusawazisha ni kuweka kihita kidogo ndani ya seli hiyohiyo, wakati elektrolisisi (kupasua maji kwa umeme) inaendelea, unaongeza wati unazozijua kabisa, kwa mfano 0.25, unaona kama kipimo kinakurudishia 0.25. Kikikurudishia 0.31 unajua una tatizo la ukubwa gani hata kabla hujaanza kuota.

Rudia kwa maji ya kawaida

Huu ndo mtihani ambao hata mtoto anauelewa. Maji ya kawaida na maji mazito kikemia yanafanana karibu kila kitu, lakini fyusheni inayodaiwa ni ya deuteri na deuteri. Kwa hiyo ukiweka seli pacha, paladi ileile, umeme uleule, ila maji ya kawaida na LiOH, ziada inatakiwa ipotee. Isipopotea basi chanzo chake sio deuteri.

Tarehe 12 Aprili 1989 Pons alisimama Dallas mbele ya maelfu ya wakemia kwenye mkutano wa chama chao, ukumbi ulijaa watu wakimshangilia, na akaulizwa swali hilohilo, mbona hamjatuonyesha maji ya kawaida? Jibu lake lilikuwa kwamba maji ya kawaida si lazima yawe kilinganishi kizuri. Mimi hapo ndo ningesimama kwenye kiti. Kama kilinganishi chako nacho kinatoa joto ni habari kubwa inayotakiwa iandikwe ukurasa wa kwanza, na kama hakitoi ni ushahidi wako bora kuliko wote, vyovyote vile unatakiwa ukionyeshe.

Ukifanya mwenyewe kumbuka kubadilisha 1.54 iwe 1.48, na ujue umeme unapita kwa shida kidogo kwenye maji mazito kwa hiyo volti zitatofautiana kwa umeme uleule. Linganisha wati kwa wati, sio ampia kwa ampia. Na maji mazito yanavuta unyevu wa hewani, ukiyaacha wazi wiki nzima hayatakuwa mazito kama ulivyoyanunua.

Joto lililowekwa akiba

Wengine wanakuonyesha seli iliyokaa kimya siku nyingi halafu ghafla ikapanda joto kwa saa kadhaa. Je paladi ilikuwa imehifadhi kitu? Ndiyo, ilikuwa imejaa deuteri, na deuteri ikitoka ikakutana na oksijeni inaungua.

Piga hesabu. Kijiti cha gramu 10 za paladi ni moli 0.094. Kikijaa mpaka deuteri 0.7 kwa kila atomi ya paladi unapata moli 0.066 za atomi za deuteri, sawa na moli 0.033 za gesi. Kuunguza moli moja ya gesi ya deuteri kunatoa kilojuli 295, ukitoa gharama ya kuitoa ndani ya paladi unabaki na kama 257. Jumla ni kilojuli 8 na nusu hivi. Hiyo inatosha kutoa wati 1 ya ziada kwa zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo mlipuko wa joto wa nusu saa haunishtui hata kidogo, mpaka jumla ya ziada ipite akiba hiyo mara nyingi sana, na ihesabiwe tangu dakika ya kwanza umeme ulipowashwa, pamoja na siku zote ambazo seli ilionekana inatoa pungufu.

Na hapa niseme neno zito. Gesi ya deuteri na oksijeni kwenye chombo kimoja ni bomu. Januari 1992 seli ya aina hii ililipuka kwenye maabara ya taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, ikamuua mtafiti mmoja, naye alikuwa mwanaelektrokemia. Kilichomuua ni kemia ya kawaida kabisa. Kwa hiyo kama umesoma mpaka hapa ukafikiria kujenga seli iliyofungwa chumbani kwako, usijenge. Kukagua daftari la mtu hakuhitaji kulipuka.

Sasa ndo uulize majivu yako wapi

Tuseme joto limepita mitihani yote. Bado sio fyusheni, ni joto lisiloelezeka tu. Moto ukiwaka lazima kuwe na majivu, na majivu ya fyusheni yanajulikana. Deuteri mbili zikiungana, karibu nusu ya mara zinatoa tritiamu (hidrojeni nzito kuliko deuteri, yenye mionzi) na protoni, karibu nusu nyingine zinatoa heli-3 na neutroni, na mara chache mno zinatoa heli-4 na mionzi ya gama yenye nguvu kubwa.

Fanya hesabu ya wati moja tu. Ukiigawa kwa nishati ya kila muungano unapata zaidi ya miungano trilioni moja kwa sekunde, na neutroni karibu trilioni moja kwa sekunde. Mtu aliyesimama pembeni ya seli kama hiyo bila ukuta wa kumkinga hatoki salama. Fleischmann na Pons waliripoti neutroni kama 40,000 kwa sekunde huku joto likiwa la wati. Pengo hilo ni mara makumi ya mamilioni. Walisema basi ni aina mpya ya muungano isiyotoa neutroni, na hapo ndo unaona mtu anavuka mpaka wa fani yake: joto lilikuwa halijathibitishwa, na tayari linatumika kubomoa fizikia ya kiini iliyopimwa kwa miongo.

Hata hizo neutroni chache zilikuwa na shida. Walizipima kwa njia ya gama, maana neutroni ikinaswa na hidrojeni ya maji inatoa gama yenye nishati ya MeV 2.22 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Watu wa chuo cha MIT, Marekani, wakiongozwa na Richard Petrasso waliangalia kilele walichoonyesha, mpaka kwa kutumia picha za habari za televisheni, wakaona umbo lake haliwezi kuwa la gama halisi, ni jembamba kuliko uwezo wa kifaa, na ule mteremko ambao lazima uambatane na kilele kama hicho haupo. Ukipewa grafu ya gama uliza kila mara: nionyeshe spektra nzima, yaani mchoro wa nishati zote, usinikatie kipande.

Chuo cha Georgia Tech, Marekani, nao walitangaza Aprili ileile wamepata neutroni, siku chache tu baadae wakajirudi wenyewe, kigunduzi chao kilikuwa kinaitikia joto. Mimi wale nawaheshimu sana, walikagua haraka wakasema wazi.

Tritiamu nayo ina mtego wa kikemia. Maji mazito ya kununua tayari yana tritiamu kidogo, na elektrolisisi inatoa isotopi (aina za hidrojeni zenye uzito tofauti) nyepesi kwanza, kwa hiyo nzito inabaki na kukusanyika chupani. Ukipima mwisho tu utaona imeongezeka. Lazima upime mwanzo, upime maji ya kuongezea, upime na gesi iliyotoka.

Heli ndo ngumu kuliko zote kwa sababu hewa tunayovuta ina heli sehemu 5 hivi kwa milioni. Na hapa ndo kile kisa. Mwaka 1926 Berlin, wakemia Friedrich Paneth na Kurt Peters walitangaza kwamba hidrojeni iliyomezwa na paladi imegeuka heli. Kiasi kilikuwa kidogo mno lakini kilionekana. Halafu wakaendelea kujibana wenyewe, wakapasha kioo joto kikiwa na hidrojeni na kikiwa bila hidrojeni, wakagundua kioo kinahifadhi heli ya hewani na kinaiachia zaidi hidrojeni ikiwepo, na asibesto waliyotumia nayo vilevile. Mwaka 1927 wakaliondoa dai lao. Hakuna aliyewalazimisha, walijenga wenyewe jaribio la kujiangusha. Miaka 62 kabla ya Utah, metali ileile, dai lilelile karibu.

Usidanganywe na shinikizo

Utasikia hoja hii: deuteri ndani ya paladi imebanwa kwa nguvu ya kutisha, Fleischmann alihesabu kutoka kwenye volti za ziada akapata kitu kama angahewa 10 kwa kipeo cha 27. Namba hiyo inatoka kwenye fomula ya Nernst, inayobadilisha volti kuwa shinikizo, na ni kweli fomula inaitoa, lakini sio shinikizo la kweli linalosukuma atomi zikaribiane, ni njia ya kuandika nishati tu. Ukiangalia umbali halisi, atomi za deuteri ndani ya paladi ziko mbalimbali zaidi kuliko zilivyo ndani ya molekuli ya kawaida ya gesi ya deuteri. Gesi iliyoko kwenye mtungi imezisogeza karibu zaidi kuliko paladi. Hoja hii moja ukiishika vizuri inakuokoa kwenye mabishano mengi.

Angalia nani mwingine amerudia

Kwenye maabara ya utafiti ya Harwell, Uingereza, timu ya David Williams ilijenga seli nyingi, za kulinganisha na za deuteri, na Fleischmann mwenyewe aliwapa maelezo. Hawakupata kitu, wakasitisha katikati ya Juni 1989. Wizara ya nishati ya Marekani ikaunda jopo, mwenyekiti mwenza John Huizenga naye alikuwa mkemia, wa kiini, na Novemba 1989 jopo likasema ushahidi haushawishi. Taasisi iliyojengwa Utah kwa hela ya jimbo dola milioni 5 ilifungwa 1991. Fleischmann na Pons walihamia Ufaransa wakafanya kazi kwenye maabara iliyofadhiliwa na Toyota, nayo ikafungwa 1998 bila seli inayofanya kazi. Mwaka 2019 kikundi kilichofadhiliwa na Google, akiwemo mkemia Curtis Berlinguette, kilitoa ripoti kwenye Nature baada ya miaka kadhaa ya kujaribu, hawakuona fyusheni baridi, ila waliacha vifaa bora vya kupimia joto na kujaza paladi.

Wapo wanaosema walioshindwa hawakuijaza paladi vya kutosha, kwamba inataka ifike karibu deuteri 0.9 kwa kila atomi ya paladi na zaidi. Hilo linapimika, usilikubali wala kulikataa kwa mdomo. Upinzani wa umeme wa paladi unapanda kadri deuteri inavyoingia mpaka karibu mara mbili ya mwanzo, halafu unaanza kushuka. Mtu akidai amefika 0.9, akuonyeshe mchoro wa upinzani ukiwa umeshapita kilele na unashuka.

Na siku ikiwa ni seli yako

Tuseme uko maabara yenye usalama, umefanya yote haya, na usiku mmoja mstari wa joto unapanda. Usiguse kitu. Andika saa, volti, ampia, usawa wa maji, joto la beseni, nani yupo chumbani na nini kimewashwa karibu. Washa kihita cha usawazisho uone kama kipimo bado kinakurudishia wati ulizotia. Pima gesi inayotoka. Angalia seli pacha ya maji ya kawaida kama nayo inapanda, ikipanda pamoja basi tatizo liko kwenye beseni au kwenye waya. Usimpigie mwandishi wa habari, mpigie mwenzako anayekubishia kuliko wote, mwambie aje na kipimajoto chake. Halafu chukua sampuli ya gesi ya seli zote mbili, zifunge kwenye chupa zinazofanana, ziandike namba tu bila jina, na mpe mtu wa kupima heli ambaye hajui ipi imetoka wapi.